Kigali, Livingstone au Cape Town? Ulinganisho kwa familia inayosafiri kwa akiba ya kikoba

Kila Januari, ada za shule zikishalipwa, mimi na mume wangu tunakaa mezani na vitu vitatu: kalenda ya shule, daftari la kikoba na pasipoti tano za nyumbani kwetu, yaani zetu wawili, za watoto wawili na ya mama mkwe. Nchi ya kwenda huwa haijatajwa bado. Mwaka wa kwanza tulianza na nchi, tukahangaika na tarehe mpaka Novemba, tukaishia kununua nauli ya Desemba kwa bei ambayo nikiikumbuka hadi leo moyo unaniuma.

Tangu hapo tumeshakwenda Kigali, tumekwenda Livingstone kule Zambia, na tumefika Cape Town. Kila nikirudi naulizwa ipi nafuu na ipi inafaa kwa watoto. Basi naziweka hapa pamoja, nikizipima kwa familia inayoanzia Dar es Salaam na inayobanwa na likizo za shule. Wa Nairobi na Mombasa nitawatajia tofauti zao panapohusika.

Nimezichagua hizi tatu kwa sababu Mtanzania haombi viza kuingia hata moja. Mkenya naye ni hivyo hivyo, maana Afrika Kusini ilimfungulia mlango kuanzia Januari 2023, siku 90 kwa mwaka. Kwa familia ya watu watano, ada za viza ni hela ya malazi ya siku kadhaa, na usumbufu wake huanza kabla hujafunga begi. Ndiyo maana Dubai, ambayo watoto wangu huitaja kila mwaka, sijaiweka. Juu ya viza, likizo yetu ndefu ya Juni huangukia msimu ambao joto la kule hupita nyuzi 40, na mtoto atashinda madukani akiomba kununuliwa vitu.

Mwezi kwanza

Hapa ndipo hela nyingi huokolewa au kupotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Livingstone watu hufuata Maporomoko ya Victoria, wenyeji huyaita Mosi-oa-Tunya, moshi unaonguruma. Mswahili hahitaji mkalimani kwenye neno la kwanza. Upana wake ni kama mita 1,700 na maji huanguka mita 108. Lakini maji hayo hayalingani mwaka mzima. Mvua za Angola na magharibi mwa Zambia hunyesha kuanzia Novemba, halafu huchukua wiki nyingi kuteremka na mto Zambezi. Mto hujaa kabisa Aprili na Mei, na wakati huo moshi wa maji ni mzito kiasi kwamba unasikia ngurumo tu, maporomoko yenyewe huyaoni. Oktoba na Novemba upande wa Zambia hubaki mwamba mtupu sehemu kubwa, na aliyetoka Dar akafika wakati huo atatazama ukuta wa mawe kwa joto kali. Juni ndiyo katikati: maji bado mengi, moshi umepungua unaona hadi chini, jua lipo na mvua hakuna. Usiku baridi, sweta lazima. Na Juni shule zetu zimefungwa. Safari yenye uzuri wake hasa kwenye likizo yetu ndefu ni hii.

Cape Town ni kinyume. Juni hadi Agosti ndiyo majira yao ya baridi na mvua. Vyumba hushuka bei, lakini ukipata siku nne za mvua ndani ya siku sita umelipia nauli ya ndege kutazama dirisha. Desemba jua ni tele ila Waafrika Kusini wenyewe nao wako likizo, wanashuka pwani kutoka Johannesburg kwa maelfu, vyumba vinajaa na bei zinapanda. Sisi tuliipata Septemba, kwenye ile likizo fupi ya katikati ya muhula, tukaomba ruhusa ya siku mbili shuleni. Maua yanachanua, na nyangumi wanaonekana kutoka nchi kavu pale Hermanus, saa moja na nusu hivi kwa gari. Sijutii zile siku mbili.

Kigali haina ukali huo. Mji uko juu, mita 1,500 hivi kutoka usawa wa bahari, hewa ni ya ubaridi mwaka mzima, na ukikwepa masika ya Machi hadi Mei umemaliza. Kuna tarehe mbili tu za kuzichunga. Ya kwanza ni Aprili 7, siku inayoanza wiki ya maombolezo ya mauaji ya kimbari ya 1994. Burudani husimama, na mgeni aliyekuja kustarehe atajiona yuko mahali pasipo pake. Ya pili ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya umuganda, kazi za jamii, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa tano. Maduka yamefungwa, magari yamesimama. Mara yetu ya kwanza tuliamka siku hiyo hiyo tukiwa na mipango ya kuzunguka mji, tukakaa kibarazani kwa gesti mpaka karibu adhuhuri huku mtoto mdogo akiuliza kama wametufungia. Wiki moja kabla au baada, tusingepoteza asubuhi nzima.

Njia ya kufika

Kwenda Kigali kwa basi moja kwa moja kutoka Dar ni safari ya usiku na mchana na zaidi. Kijana peke yake ataivumilia. Ukiwa na bibi wa miaka 68 na mtoto wa miaka sita, ikate vipande. Sisi tulipanda treni ya SGR hadi Dodoma, tukalala. Kesho yake basi hadi Kahama, tukalala tena. Siku ya tatu tukavuka mpaka wa Rwanda pale Rusumo, na jua lilipozama tulikuwa Kigali tunakula. Gesti mbili za njiani zilitugharimu kidogo kuliko nauli ya ndege ya mtu mmoja, na watoto walifika wakiwa wazima. Rusumo yenyewe ni kituo cha pamoja: unagongewa muhuri wa kutoka na wa kuingia mahali pamoja, foleni moja. Wanapekua mabegi kutafuta mifuko ya plastiki, kwani Rwanda iliipiga marufuku tangu 2008. Mama mkwe alikuwa amefunga karanga, ubuyu na dagaa wake kwenye vifuko vya nailoni kumi na viwili. Vilitolewa kimoja kimoja mezani, tena kwa heshima, naye akatandika khanga pale sakafuni akavimwagia vyote humo, akafunga kitita. Tulikula karanga zenye harufu ya dagaa wiki nzima. Fungeni kwenye makopo.

Kama akiba inaruhusu, nendeni kwa barabara mrudi kwa ndege, maana safari ya kurudi ndiyo inayochosha. Linganisheni tu bei, kwa sababu mara nyingine tiketi ya ndege ya upande mmoja haipishani sana na ya kwenda na kurudi.

Livingstone tulikwenda kwa reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar hadi Kapiri Mposhi. Kwenye karatasi ni kama siku mbili. Weka siku tatu moyoni. Treni huchelewa, ratiba hubadilika, na zipo nyakati safari zinasitishwa kabisa. Kwa hiyo usilipie malazi yasiyorudishwa hela kabla hujafika stesheni ukaambiwa kwa mdomo kwamba treni ipo na lini. Pia wanaume na wanawake hutenganishwa vyumba, isipokuwa mmenunua chumba kizima. Daraja la kwanza chumba kina vitanda vinne, la pili vitanda sita. Sisi watano tulinunua vitanda vyote sita vya daraja la pili, na kile cha sita kikawa jiko letu: chupa za chai, mikate, mayai ya kuchemsha, ndoo ya maji. Mchana wa kwanza treni inakatiza Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, na watoto waliona twiga kwa dirisha bila kulipa kiingilio. Kutoka Kapiri Mposhi ni basi hadi Lusaka, kama kilomita 200, mnalala, kisha kilomita zipatazo 480 hadi Livingstone. Ni mbali, nakiri. Lakini likizo ya Juni ni ndefu, na watoto wangu bado wanasimulia ile treni kuliko mahali pengine popote tulipofika.

Wasiopenda reli kuna mabasi ya Dar hadi Lusaka kupitia Tunduma. Pale mpakani vijana wa kubadilisha fedha watawazunguka hata hamjashuka vizuri. Badilisheni kiasi cha nauli na chakula cha siku hiyo tu, mhesabu wenyewe noti moja moja, nyingine mtabadilisha benki Lusaka.

Cape Town, kwa familia, ni ndege. Kutoka Dar mara nyingi utabadilisha Johannesburg au Nairobi. Hapa kuna mtego ambao ulimnasa shemeji yangu. Aliona tiketi ya Dar hadi Johannesburg ni rahisi, akaona na ya Johannesburg hadi Cape Town ya shirika jingine la bei nafuu ni rahisi zaidi, akazinunua mbalimbali na kuacha saa mbili katikati. Ndege ya kwanza ikachelewa. Ya pili ikaondoka bila wao, na kwa kuwa zilikuwa tiketi mbili zisizojuana, hakuna aliyewajibika. Akanunua nyingine pale kaunta kwa bei ya siku hiyo, watu wanne. Ama nunua tiketi moja inayoshika safari nzima hata kama imezidi kidogo, ama ukiziachanisha lala Johannesburg usiku mmoja. Na ukilinganisha bei, jumlisha begi. Mashirika ya bei nafuu hulipisha begi kando, na familia haisafiri na mkoba wa mkononi.

Karatasi

Karatasi ndizo zinazochukua muda kuliko yote, na zinafanana kwa safari zote tatu, kwa hiyo zianze leo hata kama hujachagua nchi. Pasipoti ya Tanzania ni shilingi 150,000 na hudumu miaka kumi, hivyo igawanye kwa safari zote utakazofanya humo. Kila mtoto anahitaji ya kwake. Kinachokwamisha watu ni majina: cheti cha kuzaliwa kinasema Mwanahawa, kitambulisho cha NIDA kinasema Hawa, cheti cha ndoa kina jina la tatu. Vipange vyeti vyote mezani usome herufi kwa herufi. Kuisahihisha herufi moja kulituchukua miezi miwili, na ile miezi tulikuwa nayo kwa sababu tulianza mapema.

Mtoto anayesafiri na mzazi mmoja abebe cheti cha kuzaliwa na barua ya ridhaa ya mzazi mwingine, hata pale usipoulizwa. Kwa Afrika Kusini, hakikisha kila pasipoti ina kurasa mbili tupu.

Chanjo ya homa ya manjano nayo ichomwe mapema. Cheti huanza kutumika siku ya kumi baada ya sindano, kwa hiyo aliyechanjwa juzi hajachanjwa machoni pa ofisa wa mpakani. Kikishaanza kutumika ni cha maisha, utaratibu uliowekwa kimataifa tangu 2016. Mkenya anayekwenda Kigali kwa barabara atapita Uganda, ambako huulizwa kila msafiri. Ila Mkenya ana nafuu yake pia: kati ya Kenya, Uganda na Rwanda kitambulisho cha taifa kinamtosha, wakati sisi Watanzania tunatakiwa pasipoti au hati ya dharura ya kusafiria.

Hela inakoishia

Sisi huweka shilingi 250,000 kila mwezi. Kwa kipimo hicho, Kigali ya siku tano, kwenda na kurudi kwa barabara, ilikula akiba ya miezi kumi. Livingstone ilikula miezi kumi na sita. Cape Town ilikula karibu miaka mitatu, na mama mkwe hakwenda. Alisema hiyo hela bora iezekee banda. Hesabu zenu zitatofautiana, ila uwiano huo nafikiri utawasaidia.

Ajabu ni kwamba hela haiishi mahali pamoja. Kigali nauli ni ndogo, lakini mji wenyewe si wa bei rahisi kama watu wanavyodhani. Mgahawa wa kawaida katikati ya mji ulinishinda, tukawa tunakula mishikaki, wenyewe wakiiita brosheti, na isombe, ambayo ni kisamvu chetu, kwenye vibanda vya Nyamirambo. Nyamirambo ni mtaa wenye misikiti na Kiswahili kingi, na mama mkwe aliongea na kila mtu. Makumbusho ya mauaji ya kimbari pale Gisozi hayana kiingilio. Mtoto mdogo tulimwacha nje na baba yake. Yule mkubwa, wa miaka kumi na tatu, aliingia na mimi, na jioni ile hakutaka chakula. Ni sehemu ya safari inayohitaji kuandaliwa nyumbani, kwa maongezi.

Livingstone ni kinyume chake. Nshima, yaani ugali wao, na samaki ni bei ya nyumbani, vyumba vya familia vyenye jiko vinapatikana, lakini kila burudani inauzwa kwa dola: mashua ya jioni, helikopta, kuruka na kamba darajani. Tulipanga kabla ya kuondoka kwamba tutanunua moja tu, mashua, na tukaandika kwenye daftari ili asitokee wa kulegea. Daraja lenyewe, lililojengwa 1905 kati ya Zambia na Zimbabwe, unaweza kulitembelea kwa miguu ukipewa kikaratasi mpakani.

Jambo moja linalowapita wengi: hifadhi za Afrika Kusini na Zimbabwe zina bei ya raia wa nchi za SADC, ile jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, iliyo chini ya ile ya mgeni wa mbali. Tanzania imo SADC. Toa pasipoti dirishani kabla hujaulizwa, maana ukinyamaza utatozwa bei ya Mzungu. Kwa watu wanne pale Boulders, ufukwe wa pengwini karibu na Simon's Town, tofauti ilitulipia chakula cha mchana. Wakenya hawamo SADC, kwa hiyo bajeti yao iiongeze hiyo.

Cape Town ina vivutio viwili vikubwa ambavyo hali ya hewa huvifunga. Gari la waya la kupanda Table Mountain husimama upepo ukivuma, na boti ya kwenda Robben Island, alikofungwa Mandela miaka 18 kati ya 27, huahirishwa bahari ikichafuka. Wengi huviacha siku ya mwisho kama kilele cha safari, wakarudi bila kuviona. Vipange siku ya kwanza na ya pili, ili upepo ukikuzuia uwe na siku za kurudia. Tiketi ya boti inunue wiki kadhaa mbele. Kisha siku za mawingu nendeni Bo-Kaap, mtaa wa Waislamu wenye nyumba za rangi rangi na msikiti wa Auwal ulioanzishwa 1794. Chakula ni halali na sambusa zake zilimfanya mume wangu aombe mapishi.

Ningekushauri hivi

Kama hamjawahi kuvuka mpaka mkiwa familia, na mna akiba ya mwaka mmoja, nendeni Kigali Desemba. Mkikosea kitu, kosa litakuwa dogo, lugha mtaelewana na nyumbani si mbali.

Kama mna mwaka na nusu, watoto wamefika umri wa kuvumilia treni, na mnaweza kuipa safari wiki mbili za Juni, Livingstone. Hii ndiyo ninayoipenda, na sitaficha upendeleo. Kwenye daraja jembamba la Knife-Edge, moshi wa maji ulitupiga kama mvua ya masika kutoka chini kwenda juu, makoti ya plastiki tuliyokodi yakawa hayana maana, na mama mkwe, aliyekuwa amegoma kusogea, akavua viatu akavuka peke yake hadi upande wa pili.

Cape Town ningesema isubiri. Si kwa uzuri, maana kwa uzuri inazishinda zote. Ila kuitazama kwa haraka na mfuko uliobana ni hasara, na mtoto wa miaka sita hatakumbuka. Iwekee akiba ya muda mrefu, mwende Septemba.

Sisi mwakani tunarudi Zambia. Usiku wa mbalamwezi kamili, maji yakiwa bado mengi, upinde wa mvua huonekana gizani juu ya maporomoko, na hifadhi hufunguliwa usiku kwa ajili hiyo. Mama mkwe alisikia habari hiyo kwenye basi tukiwa tayari tunaondoka. Januari hii yeye ndiye aliyekuja mezani na kalenda, ameshazungushia wino tarehe ya mwezi mpevu wa Juni.